Mabanga: kata ambamo mwenyeji wa leo alikuwa mgeni jana

GOMA – Katika kata ya Mabanga, swali la "umetokea wapi?" halimwendei mpangaji mpya peke yake. Mwenye nyumba naye ana jibu lake: Masisi, Rutshuru, Lubero, Walikale, Idjwi au Bukavu. Si wengi wanaoweza kusema babu yao alizikwa hapa. Ndiyo maana historia ya Mabanga ni historia ya kupokea watu, na hata mgeni aliyekodi apartema kwa mwezi mmoja anaweza kuisoma kwa kutembea kwa miguu.

Mabanga ni mbili, Kaskazini na Kusini, ndani ya komini ya Karisimbi, pamoja na kata kama Majengo, Kasika, Katoyi, Virunga na Murara. Komini ilipewa jina la mlima Karisimbi wenye mita 4,507, lakini mlima unaotawala maisha ya hapa ni Nyiragongo. Kwa Lingala, mabanga ni mawe. Asiyejua Lingala ataelewa mara tu anaposhuka kwenye mota: njia za ndani ni mawe meusi ya volkano, na ukuta wa parseli umejengwa kwa mawe hayo hayo. Anayetaka kuchimba choo hupambana nayo kwa nyundo siku nyingi.

Goma ilianza kama kituo kidogo cha Wabelgiji, mkabala na Gisenyi ya Wajerumani. Mwaka 1988 Kivu iligawanywa katika majimbo matatu, na Goma ikawa makao makuu ya Kivu ya Kaskazini. Wafanyakazi wa serikali, wafanyabiashara na wanafunzi walikuja kutafuta mahali pa kulala. Kisha ikaja vita. Mwaka 1993 watu walikimbia Masisi na Walikale. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka kwa siku chache, na kipindupindu kikaua wengi katika kambi. Vita vya 1996 na 1998 vikaendelea kuwasukuma watu wa vijijini kuelekea mjini. Si wote waliokwenda kambini. Aliyekuwa na shangazi, shemeji au mtu wa kijiji chake katika kata aligonga mlango wake.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka. Lava ilifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji, ikateketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikaingia ziwani Kivu. Watu karibu 120,000 walibaki bila nyumba. Wengi walikimbilia Gisenyi na Sake, lakini baada ya siku chache walianza kurudi, mawe yakiwa bado ya moto. Waliopoteza parseli walitafuta nafasi katika kata ambazo lava haikuzifunika.

Tangu hapo, mgeni akipita Mabanga ataona namna tatu za nyumba zikiegemeana. Kuna nyumba ya mbao yenye bati juu: ni ya bei nafuu, husimama juu ya mawe bila msingi mrefu, na inaweza kubomolewa ikahamishwa. Kuna nyumba ya mawe, ya mtu aliyekata shauri la kubaki. Kuna ghorofa la kupangisha, lenye vigae na tangi la maji juu yake. Katika dirisha la apartema, mgeni anaona moshi wa makala ya jirani wa mbao. Umeme ni wa SNEL au wa kampuni ya Virunga, ambayo mwaka 2015 ilifungua bwawa la Matebe huko Rutshuru. Robine ikikauka, wote wanategemea bidoni la njano la lita 20, na chukudu ya kulibeba.

Mwaka 2021 mambo yaligeuka. Jumamosi tarehe 22 Mei, jioni, Nyiragongo ililipuka tena. Lava ilisimama kabla ya kufika katikati ya mji, lakini ardhi iliendelea kutetemeka. Alhamisi tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru wakaaji wa kata 10 waondoke, kwa sababu ya hofu kwamba moto ungeweza kutoka chini ya mji au chini ya ziwa. Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini zote zilikuwa katika orodha. Ndani ya saa chache, waliokuwa wakipokea watu walikuwa barabarani na magodoro kichwani. Wengine walivuka kwenda Rwanda, wengine walipanda mashua kwenda Bukavu, na wengi walifuata barabara ya Sake, kilomita 25 hivi magharibi. Huko walilala makanisani, mashuleni na katika nyumba za watu wasiowajua. Kurudi kuliruhusiwa mwezi wa Juni.

Februari 2024, vita vilipoizunguka Sake, watu wa Sake nao walikimbilia Goma kwa barabara ile ile. Familia zilizowapa watu wa mji mahali pa kulala sasa zilikuwa zikitafuta mahali pa kulala mjini. Tarehe 27 Januari 2025 M23 ilichukua Goma. Benki zilifunga milango, na mwezi uliofuata kambi zilizozunguka mji zilivunjwa. Wengine walirudi vijijini, wengine waliingia tena katika kata.

Katika kata, mkimbizi haonekani kwa urahisi. Hana hema wala namba ya kambi. Msaada unapogawanywa, mara nyingi orodha haimfikii, wala haimfikii mwenyeji anayegawana naye sahani ya fufu. Kuna na jambo la kodi. Bei inatajwa kwa dola, na garanti inaweza kuwa miezi sita au zaidi. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema kwamba, kwa nyumba ya kuishi, garanti haizidi miezi mitatu. Kila familia inayopanga ina haki ya kuijua, na kila mwenye nyumba pia.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mabanga hakuna shamba la kulima, basi mgeni hupewa bidoni na kuonyeshwa robine. Anayempa ajue kwamba mwaka 2021, huko Sake, kuna mtu aliyempa yeye pia.