Jina la Mazrui: lilitoka wapi, na kwa nini liko Takaungu na Gazi

Weka alama kwenye ramani ya pwani kila mahali palipo na familia kongwe za jina la Mazrui. Alama hazitatapakaa ovyo. Zitakusanyika Mombasa Mji wa Kale, zitaruka kaskazini hadi Takaungu katika kaunti ya Kilifi, zitaruka kusini hadi Gazi katika kaunti ya Kwale, kisha zitavuka maji hadi Pemba. Ukienda bara, unaweza kukaa miaka bila kukutana na mtu wa jina hili.

Wasikilizaji wa kipindi chetu cha historia hupenda kuuliza kuhusu majina ya koo, na hili lina majibu mengi kuliko mengine, kwa sababu limeandikwa sana. Limo katika vitabu, katika barua za serikali, hata katika sheria ya ardhi. Msikilizaji wa Takaungu anajua vizuri kwamba hapo kwenye ardhi ndipo penye joto.

Jina la namna gani?

Mazrui ni nisba, yaani jina linalomtaja mtu kwa ukoo wake. Kwa Kiarabu mtu mmoja huitwa al-Mazrui, na ukoo mzima huitwa al-Mazari. Majina mengine ya pwani yanayoishia na "i" yana muundo huohuo: Busaidi, Barwani, Riyami, Mandhry. Herufi za asili za neno hili ni zilezile za neno zaraa, kilimo, na "mazru" kwa Kiarabu ni kitu kilichopandwa.

Nisba hupita kwa baba. Mtoto wa kike wa Kimazrui anabaki Mazrui hata akiolewa, lakini watoto wake watabeba nisba ya baba yao. Kwa hiyo wapo watu wengi wa pwani, Waswahili, Wadigo, Wagiriama, wenye damu ya Kimazrui upande wa mama au bibi, na jina hilo hulioni popote kwenye vitambulisho vyao. Ramani ya jina ni ndogo kuliko ramani ya damu.

Linganisha na utaratibu wa Kigiriama. Charo akizaa mtoto wa kwanza wa kiume, humpa jina la baba yake, tuseme Kazungu. Mtoto anakuwa Kazungu wa Charo. Kazungu naye akizaa, anamrudisha Charo. Majina mawili yanapokezana, na ukitaka kufuata ukoo miaka mia mbili nyuma kwa majina ya kitambulisho tu, utachoka mapema. Lazima uwaulize wazee mbari. Nisba haibadiliki. Mtu aliyeandikwa Mazrui miaka karibu mia tatu iliyopita bado anasomeka hivyo leo, na ndiyo sababu ukoo huu umeacha njia ndefu hivi kwenye makaratasi.

Kutoka Oman hadi Ngome ya Mombasa

Asili ni Oman, na tawi la Mombasa hutajwa kuwa lilitoka upande wa Rustaq. Waomani waliiteka Ngome ya Yesu mwezi wa Desemba 1698, baada ya kuwazingira Wareno tangu 1696. Watawala wa Oman wakati huo walikuwa wa ukoo wa Yaarubi, na wao ndio waliowatuma Wamazrui kuwa maliwali wa Mombasa.

Katika miaka ya 1740 mambo yaligeuka kule Oman. Ahmad bin Said wa ukoo wa Busaidi alichukua utawala. Liwali wa Mombasa, Muhammad bin Uthman al-Mazrui, alikataa kumtambua. Kwa maoni yake, kama Ahmad aliyekuwa mkuu wa mji mmoja tu ameweza kujifanya mtawala wa Oman, naye anaweza kujifanya mtawala wa Mombasa. Busaidi akatuma watu, wakamuua. Ndugu yake, Ali bin Uthman, alitoroka kifungoni, akairudisha ngome mikononi mwa ukoo wake.

Tangu hapo, kwa karibu miaka tisini, Mombasa ilikuwa dola inayojitegemea. Haikuwa ya Wamazrui peke yao: walitawala kwa kuelewana na Thenashara Taifa, yale makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, na kupitia kwao na Wamijikenda. Bila watu wa bara kuleta chakula na wapiganaji, ngome ni kuta tu. Malenga Muyaka bin Haji aliishi enzi hizo na tungo zake zilisimama upande wa Mombasa dhidi ya Sultani wa Oman.

Pemba nayo ilikuwa chini yao, na hapo ndipo Mombasa ilipopata sehemu kubwa ya mchele wake. Ndiyo maana jina liko kisiwani mpaka leo. Katika magofu ya Chwaka, karibu na Tumbe, kaskazini mwa Pemba, kuna makaburi ya Kimazrui ambayo wageni hupelekwa kuyaona.

Kushuka kulianza pale Mombasa na Pate zilipoungana kuishambulia Lamu, zikapigwa vibaya kwenye fukwe za Shela, yapata 1812. Watu wa Lamu wakaomba ulinzi kwa Seyyid Said wa Oman, na Seyyid Said akapata mlango wa kuingilia. Miaka ya 1820 Wamazrui wakapoteza Pemba. Mwaka 1824 walimwomba nahodha Mwingereza, William Owen, awawekee bendera ya Uingereza juu ya ngome. Akaiweka, na serikali yake ikaikana. Mwaka 1826 Waingereza wakaondoka. Afisa aliyeachwa Mombasa, John Reitz, alikufa kwa homa mwaka huohuo wa 1824, na jina lake ndilo tunalolisikia kila siku makondakta wakiita abiria wa Port Reitz. Wengi hudhani ni jina la meli.

1837

Huu ndio mwaka ulioichora ramani ya jina hili. Ndani ya Mombasa kulikuwa na mgawanyiko. Baadhi ya viongozi wa Thenashara Taifa walikuwa wamechoka na Wamazrui, na Wamazrui wenyewe walikuwa wakigombana juu ya nani awe liwali. Seyyid Said, ambaye miaka iliyotangulia alipigana nao akashindwa kuwaondoa, safari hii aliingia kwa makubaliano. Liwali wa mwisho, Rashid bin Salim, na wakuu wa ukoo wakakamatwa kwa hila, wakasafirishwa hadi Bandar Abbas upande wa Uajemi. Hawakurudi.

Waliobaki walikimbia pande mbili. Kundi moja lilielekea kaskazini, likajikita Takaungu, kwenye kijito kilicho kusini kidogo ya Kilifi. Kundi la pili lilielekea kusini hadi Gazi. Hawakwenda mbali, mahali pote pawili ni safari fupi ya jahazi kutoka Mombasa. Walikwenda walikokuwa na marafiki: Takaungu nyuma yake kuna Wagiriama, Gazi iko katikati ya Wadigo.

Mahali hapa pawili pakawa na tabia tofauti. Takaungu ilipatana na Sultani wa Zanzibar na kugeukia mashamba. Mtama na mahindi yalilimwa kwa wingi na kuuzwa ng'ambo, na jembe lilishikwa na watumwa. Hilo lisemwe wazi, maana wajukuu wa waliolima nao bado wanaishi hukohuko. Gazi haikutulia. Kiongozi wake, Mbaruk bin Rashid, alikuwa mtoto wa yule liwali wa mwisho aliyechukuliwa Bandar Abbas, na aliasi dhidi ya Zanzibar mara kadhaa. Nyumba yake ya Gazi baadaye ilitumika kama shule.

Mbaruk wawili

Hapa msikilizaji awe makini, maana wengi huchanganya. Mwaka 1895 mkuu wa Takaungu, Salim bin Khamis, alifariki. Mpwani yeyote angetazamia mkubwa wa ukoo ashike nafasi, naye alikuwa Mbaruk bin Rashid. Huyu ni Mbaruk wa Takaungu, si yule wa Gazi. Kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikiendesha pwani ilimtaka Rashid bin Salim, mtoto wa marehemu, kwa sababu alielewana nao. Mbaruk wa Takaungu akakataa. Akaelekea kusini kwa mwenzake wa jina moja, na Mbaruk wa Gazi, baada ya kusitasita, akaingia vitani.

Vita hivyo vilienea kutoka Vanga hadi Malindi. Waingereza waliibomoa boma ya Mwele, ngome ya Mbaruk wa Gazi kwenye misitu ya Shimba, lakini hawakummaliza. Mwishowe walileta wanajeshi kutoka India. Aprili 1896 Mbaruk wa Gazi akavuka mpaka hadi upande wa Wajerumani, kaskazini mwa Tanga, akiwa na zaidi ya watu elfu moja. Wajerumani wakampokea, wakampeleka Dar es Salaam, na huko ndiko alikofia. Kwa hiyo Mmazrui wa Tanga au Dar es Salaam si lazima awe ametoka Pemba. Anaweza kuwa na mizizi Kwale kwa njia ya vita hivi.

Yule Rashid bin Salim aliyechaguliwa na Waingereza alibaki Takaungu. Hili ni muhimu kwa habari ya ardhi itakayofuata.

Ghuba, Marekani, na tahajia

Kwenye Ghuba jina hili halikuondoka. Liko Oman, na katika Falme za Kiarabu Wamazrui ni sehemu ya muungano wa makabila ya Bani Yas wa Abu Dhabi. Waziri wa nishati wa huko, Suhail Al Mazrouei, ni wa jina hilohilo. Tahajia ndiyo inayodanganya macho. Kiarabu kina herufi ya koo mwishoni mwa neno hili, ambayo Waingereza huandika kwa alama ya mkato juu, Mazru'i. Kwetu alama imeanguka. Ukitafuta kwenye simu, jaribu pia Mazroui na Al Mazrouei. Oman kuna pia Wamazrui wanaozungumza Kiswahili, watu wa familia zilizoondoka Zanzibar na Pemba, wengi baada ya Mapinduzi ya 1964.

Mombasa, ukoo uliopoteza ngome uligeukia elimu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891 na kufariki 1947, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alichapisha magazeti ya Sahifa na Al-Islah, na aliandika kwa Kiarabu historia ya ukoo wake, kitabu ambacho watafiti bado wanakitegemea. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, ndiye aliyelifanya jina lijulikane duniani, hasa kwa mfululizo wa televisheni wa 1986 kuhusu Afrika na urithi wake wa aina tatu. Alifundisha Makerere, kisha Michigan na Binghamton kule Marekani. Alifariki Oktoba 2014, akarudishwa Mombasa na kuzikwa katika makaburi ya Wamazrui, hatua chache kutoka Ngome ya Yesu.

Jina ndani ya sheria

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hatimiliki za ardhi za pwani. Kila anayedai shamba alitakiwa kujitokeza na ushahidi. Waarabu na Waswahili waliokuwa na hati, au waliojua njia ya kwenda ofisini, walipata. Wamijikenda wengi na watumwa walioachwa huru hawakupata, na ardhi isiyodaiwa ikaandikwa kuwa ya serikali.

Wamazrui wa Takaungu walidai ardhi yao kwa pamoja, kama ukoo. Mwaka 1914 ikapitishwa sheria mahususi ya kuiweka ardhi hiyo chini ya wadhamini kwa niaba yao. Ni nadra sana jina la ukoo mmoja kuwa kichwa cha sheria ya nchi, na hili lilikuwa. Sheria ilivuka uhuru wa 1963 na kuendelea hadi 1989, Bunge lilipoifuta. Kwa kuifuta, udhamini ukafa na ardhi ikawa wazi kugawanywa. Familia za Kimazrui zikaenda mahakamani kudai kwamba zimenyang'anywa. Waliokuwa wakiishi na kulima pale, ambao serikali huwaita maskwota, wao walikuwa na hoja yao: babu zao walizikwa hapo, minazi na miembe waliipanda wao.

Ndiyo maana swali la "Mmazrui ni nani?" si la kupitisha muda barazani katika vijiji vya Takaungu. Chini ya sheria ile ya 1914, mtoto wa binti wa Kimazrui na mtoto wa kijana wa Kimazrui wangeweza kukua nyumba moja, na mmoja tu akawa na nisba iliyotajwa kwenye karatasi. Na jirani yao, ambaye ukoo wake umelima udongo uleule tangu kabla ya jembe la chuma, karatasi hiyo haikumtaja kabisa.