Umri wa Mbu na Uzito wa Mlinganyo: Kutetea Modeli za Kihisabati katika Utafiti wa Malaria

Ikisiri

Makala haya yanatetea matumizi ya modeli za kihisabati katika kuchunguza mifumo ya viumbe hai, yakiichukua malaria kuwa mfano. Hoja kuu ni kwamba modeli haichukui nafasi ya vipimo vya uwandani. Kazi yake ni kupambanua, kati ya mambo mengi yanayojulikana, lipi lina uzito na lipi halina, na kuziweka dhana za mtafiti mahali zinapoweza kukosolewa. Hoja inafuatwa kuanzia kwa Ronald Ross na George Macdonald, kupitia Muheza nchini Tanzania na Garki nchini Nigeria, hadi Bonde la Kilombero na Zanzibar.

Utangulizi

Mtaalamu yeyote wa malaria anajua kuwa maambukizi yanategemea mambo mengi: mvua, joto, wingi wa mazalia, spishi ya mbu na saa anayouma, mifugo iliyo karibu na nyumba, umri wa mtoto, kinga aliyokwisha kujijengea. Orodha hiyo ni sahihi, na ndiyo inayowafanya baadhi ya wanabiolojia waitilie shaka hisabati. Mlinganyo wenye herufi tano au sita, wanauliza, utabebaje maisha ya kijiji kizima? Upande wa pili wako wapangaji wa sera wanaopokea grafu yenye mstari unaoshuka na kuisoma kama ramli ya mwaka ujao. Wa kwanza wanailaumu modeli kwa kutosema kila kitu. Wa pili wanaiamini kana kwamba imesema kila kitu.

Pande zote mbili zinaidai modeli kazi isiyo yake. Anayeikataa hisabati hajaepukana na dhana, kwa kuwa mtu akisema tu kwamba kufukia madimbwi kutapunguza malaria, tayari amekubali uhusiano fulani kati ya wingi wa mbu na wingi wa wagonjwa. Tofauti ni kwamba uhusiano wake haujaandikwa, kwa hiyo hakuna anayeweza kuupima wala kuukanusha.

Ross na suala la kiasi

Tarehe 20 Agosti 1897, Ronald Ross, daktari wa kijeshi katika India ya Waingereza, aliviona vimelea vya malaria katika ukuta wa tumbo la mbu huko Secunderabad. Ugunduzi huo, uliomletea Tuzo ya Nobel mwaka 1902, ulionyesha njia ambayo vimelea hupita. Suala la kiasi ulilikuta na ukaliacha lilivyo: je, ili malaria itoweke, ni lazima mbu wote waangamizwe? Wapinzani wa Ross walishikilia kuwa kupunguza mbu ni kazi bure, maana hakuna mji unaoweza kuwamaliza. Matokeo hafifu ya jaribio la kudhibiti mbu huko Mian Mir, karibu na Lahore, mwanzoni mwa karne ya 20, yaliwaongezea nguvu.

Ross alijibu kwa hesabu. Katika ripoti yake ya mwaka 1908 kuhusu Mauritius, na kwa upana zaidi katika toleo la pili la kitabu chake mwaka 1911, aliifuata safari ya kimelea hatua kwa hatua. Mgonjwa mmoja anaumwa na mbu wangapi? Wangapi kati yao wataishi mpaka kimelea kikomae? Waliobaki watawauma watu wangapi? Kila hatua ina sehemu yake, na sehemu hizo zinazidishwa. Zao likiwa chini ya 1, kila mgonjwa anaacha nyuma yake wagonjwa pungufu, na malaria inakwisha hata kama mbu bado wapo. Hicho ndicho kizingiti cha maambukizi. Darubini isingeweza kumwonyesha Ross kizingiti hicho, kwa sababu hakimo ndani ya mbu wala ndani ya damu ya mtu. Kimo katika uhusiano kati ya idadi zao.

Macdonald na umri wa mbu

Katika miaka ya 1950, George Macdonald wa chuo cha tiba ya tropiki cha London aliichukua kazi ya Ross na kuuliza ni hatua ipi katika mnyororo huo yenye uzito kuliko nyingine. Jibu lake linaweza kufuatwa kwa hesabu ya shule.

Kimelea kikiingia kwa mbu huhitaji takribani siku 10 au zaidi, kutegemea joto, kabla ya kufika kwenye tezi za mate. Mbu jike anayekufa siku ya 8 baada ya kunyonya damu ya mgonjwa hamwambukizi mtu. Tuchukue mahali ambapo kila siku mbu 90 kati ya 100 wanapona hadi kesho yake. Baada ya siku 10 watakuwa wamebaki kama 35, na kila mmoja wao ataishi kwa wastani siku 9 na nusu zaidi. Ukizidisha 0.35 kwa 9.5 unapata takribani siku 3.3 za hatari kwa kila mbu aliyemuuma mgonjwa. Sasa shusha uhai huo hadi 80 kati ya 100. Baada ya siku 10 wanabaki 11 tu, na wastani wa siku zao za mbele ni 4 na nusu. Hatari kwa kila mbu ni siku 0.48. Uhai wa kila siku umepungua kwa sehemu moja ya tisa, na hatari imepungua karibu mara saba.

Linganisha na hatua nyingine. Kuwapunguza mbu kwa nusu kunapunguza maambukizi kwa nusu, basi. Kupunguza kwa nusu kasi ya mbu kuuma watu kunayashusha hadi robo, kwa kuwa mbu hana budi kuuma mara mbili: mara ya kwanza kukichukua kimelea, mara ya pili kukipeleka. Lakini anayeufupisha uhai wa mbu mzima anagusa tarakimu inayojizidisha yenyewe mara kumi. Ndiyo maana ukuta ulionyunyiziwa dawa ukoko, ambako mbu hupumzika baada ya kushiba, ulionekana kuwa mahali bora pa kumpatia kuliko dimbwi alikozaliwa. Mwaka 1964 Garrett-Jones aliikusanya hoja hiyo katika kipimo kimoja cha uwezo wa mbu kueneza malaria, kinachotumika hadi leo.

Hesabu hiyo iliwapa watafiti wa uwandani sababu mpya ya kuutafuta umri wa mbu. Katika taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki iliyokuwa Amani, M. T. Gillies na wenzake walipasua mbu wa Muheza na kuchunguza ovari zao. Mbu akitaga, kijirija kilichobeba yai hubaki na kifundo kidogo. Akitaga tena, kifundo cha pili hujitokeza. Mtafiti mwenye sindano nyembamba na subira anavihesabu chini ya darubini na kukadiria mbu amekwisha kutaga mara ngapi, yaani ameishi kwa muda gani. Bila mlinganyo, vifundo hivyo ni maelezo ya anatomia. Ndani ya mlinganyo, vinakuwa kipimo cha hatari kwa kijiji.

Garki: modeli ikisahihishwa

Hoja dhidi ya modeli ina ushahidi wake, na ushahidi mkubwa uko Garki, kaskazini mwa Nigeria. Kati ya 1969 na 1976, Shirika la Afya Duniani na serikali ya Nigeria waliendesha huko mradi wa kunyunyizia nyumba dawa ya propoxur, na katika baadhi ya vijiji kuwapa watu wote dawa za malaria. Dietz, Molineaux na Thomas walitengeneza modeli iliyozingatia kinga ya mwili, jambo ambalo Ross na Macdonald hawakuwa wamelipa nafasi ya kutosha. Unyunyiziaji ulipunguza sana uwezo wa mbu kueneza ugonjwa. Hata hivyo, bila dawa za kumeza, idadi ya watu wenye vimelea ilishuka kwa takribani robo tu, na maambukizi hayakukatika.

Je, hesabu ilikuwa imedanganya? Tazama umbo rahisi kabisa la modeli. Chukua namba ya uenezi, yaani idadi ya wagonjwa wapya wanaotokana na mgonjwa mmoja mahali ambapo bado hakuna mwingine aliyeambukizwa. Hali ikitulia, sehemu ya watu wasio na vimelea ni 1 gawa kwa namba hiyo. Namba ikiwa 100, watu 99 kati ya 100 wana vimelea. Ifanye kazi kubwa ya kuishusha mara kumi, iwe 10: bado 90 kati ya 100 wanavyo. Ishushe hadi 2, ndipo wanabaki 50. Ikipita chini ya 1, hakuna anayebaki. Mtu anayetarajia ugonjwa upungue kwa kadiri mbu walivyopungua atakata tamaa mapema na kuacha kazi katikati. Mlinganyo unaonyesha kwa nini jitihada za mwanzo katika eneo lenye maambukizi makali huzaa matunda machache, na kwa nini si sahihi kuhitimisha kuwa hazifai.

Sababu ya pili ilikuwa tabia ya mbu wenyewe. Wengi wao walipumzika nje ya nyumba, wasiguse ukuta wenye dawa. Hapa hesabu ya kunyunyizia kuta ilikosea kweli, lakini kosa lilionekana kwa sababu dhana iliyoibeba, kwamba mbu hupumzika ndani, ilikuwa wazi. Modeli iliyoshindwa namna hiyo imefanya kazi yake.

Kilombero na chandarua cha jirani

Mwaka 2004 Tanzania ilianzisha Hati Punguzo, vocha iliyomwezesha mama mjamzito kununua chandarua kwa bei nafuu. Baadaye watoto wachanga wakaingizwa. Mantiki yake ilikuwa ya kibinadamu na rahisi: wakingwe kwanza wanaokufa zaidi. Mwaka 2007 Gerry Killeen na wenzake, wakiwemo watafiti wa taasisi ya Ifakara katika Bonde la Kilombero, walichapisha modeli iliyolitazama suala hilo kwa njia nyingine. Chandarua chenye dawa humkinga aliyelala ndani, lakini pia humuua mbu au humsukuma akatafute damu ya mnyama. Faida hizi mbili zinamfikia hata jirani asiye na chandarua, kwa kuwa zinafupisha uhai wa mbu na kupunguza kuuma kwake, vigezo vilevile vya Macdonald. Hesabu ilionyesha kuwa kati ya 35% na 65% ya watu wote wakitumia vyandarua, watu wazima wakiwemo, wasio navyo hupata kinga inayolingana na ile ya kulala ndani ya chandarua. Kampeni ya kitaifa ya kugawa vyandarua bure kwa kila mahali pa kulala ilifuata mwaka 2010 na 2011. Modeli haikuwa sababu pekee, lakini iliwapa wapangaji hoja ambayo takwimu za vifo vya watoto peke yake zisingeweza kuitoa: baba na kijana wa nyumba nao ni sehemu ya kinga ya mtoto.

Mipaka inayofundisha

Kila modeli iliyotajwa hapa inarahisisha. Macdonald alichukulia kuwa mbu hazeeki, yaani uwezekano wake wa kufa ni uleule siku ya 2 na siku ya 20. Ross alichukulia kuwa watu wote wanaumwa sawasawa, ilhali uchambuzi wa David Smith na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, ulikadiria kuwa 20% ya watu ndio wanaopata 80% ya maambukizi. Wastani wa kijiji huficha nyumba iliyo kando ya mashamba ya mpunga. Kilombero nako mfumo wenyewe umebadilika: mbu wa *Anopheles gambiae* waliopenda kuingia ndani wamepungua sana, na siku hizi *Anopheles funestus* ndiye anayebeba sehemu kubwa ya maambukizi. Modeli yenye vigezo vya miaka ya 1990, wakati kijiji cha Namawala kilipopimwa na kukutwa na zaidi ya maumo 300 yenye vimelea kwa mtu kwa mwaka, haiwezi kutumika leo bila kupimwa upya.

Zanzibar inatoa funzo jingine. Tangu mwaka 2008 hivi, watu wenye vimelea huko wamekuwa chini ya 1%. Tathmini ya mwaka 2009 kuhusu uwezekano wa kuitokomeza malaria visiwani ilibidi ihesabu wasafiri wanaotoka bara, kwa sababu maambukizi ya ndani yakishuka kiasi hicho, abiria wa boti ya Dar es Salaam anakuwa na uzito kuliko dimbwi la Unguja. Mlinganyo ni wa ukoo uleule, ila kigezo kikuu kimehama.

Hitimisho

Modeli hustahili kuaminiwa pale inapotaja dhana zake, inapotoa kadirio lenye kiwango cha chini na cha juu badala ya mstari mmoja, na inaporudishwa uwandani kila mfumo unapobadilika. Masharti hayo yanahitaji watu wanaojua mbu na hesabu kwa pamoja, na hapo ndipo elimu yetu ina deni. Kwa miongo mingi, mwanafunzi wa Tanzania anayechagua tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na biolojia) ameiacha hisabati ya juu akiwa kidato cha tano na kubaki na hisabati tumizi ya msingi. Mwenzake wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) ameiacha biolojia. Wanakutana chuo kikuu bila lugha ya pamoja, na vipimo vya vijijini kwetu vinasafiri kwenda Basel, Oxford na London kupata mlinganyo.

Marekebisho yanaweza kuanza mahali padogo. Kila pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu magonjwa yanayoenezwa na wadudu litamke dhana zake kwa mlinganyo, hata uwe wa mistari miwili, na litaje kipimo cha uwandani ambacho, kikipatikana, kitaukanusha. Msimamizi wa biolojia na msimamizi wa hisabati wasaini pendekezo hilo pamoja. Mwanafunzi atakayeshindwa kukitaja kipimo hicho bado hajajua anachokwenda kukitafuta.