Kutoka Kiti cha Kinyozi hadi Kiti cha Bunge: Wabunge Weusi wa South Carolina

Mwishoni mwa mwaka 1865, miezi michache baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika Marekani, Bunge la jimbo la South Carolina, lililokuwa la wazungu watupu, lilitunga sheria kuhusu kazi. Mtu mweusi aliyetaka kulima shamba la mwingine au kutumika nyumbani kwa watu, ruksa. Akitaka kuwa fundi au mwenye duka, sharti aende kwa hakimu, athibitishiwe tabia njema, kisha alipie leseni iliyoweza kufika dola 100 kwa mwaka. Utumwa ulikuwa umekwisha kufutwa. Waliotunga sheria hiyo walitaka aliyeachiwa huru jana arudi shambani leo.

Sheria ile haikudumu. Mwaka 1867 Bunge la taifa huko Washington liliiweka Kusini chini ya usimamizi wa jeshi na kuwapa wanaume weusi haki ya kupiga kura. Januari 1868 wajumbe 124 walikutana mjini Charleston kuandika katiba mpya ya jimbo, na zaidi ya 70 kati yao walikuwa weusi. Ilipofika Julai, Baraza la Wawakilishi la South Carolina lilianza kikao likiwa na weusi wengi kuliko weupe, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika jimbo lolote la nchi ile. Seneti ya jimbo ilibaki na weupe wengi, na gavana alikuwa mzungu, lakini mizani ilikuwa imegeuka.

Wabunge hawa weusi walitukanwa tangu siku ya kwanza. Mwandishi wa habari kutoka Kaskazini, James Pike, alifika Columbia, mji mkuu wa jimbo, mwaka 1873, akaandika kitabu kilichowaonyesha kama kundi la wajinga waliotoka shambani kuja kuvamia jumba la serikali. Kwa miongo mingi picha hiyo ndiyo iliyofundishwa mashuleni. Msomi mweusi W.E.B. Du Bois aliipinga kwa nguvu mwaka 1935. Baadaye mwanahistoria Thomas Holt alifanya kazi ya subira ya kuwatafuta mmoja mmoja: kati ya watu 487 waliochaguliwa kushika nafasi za jimbo na za taifa kutoka South Carolina kati ya 1867 na 1876, weusi walikuwa 255. Ukisoma walikotoka utakuta wachungaji, walimu, maseremala, washonaji, askari wa zamani, wanasheria wachache. Wengi walijua kusoma. Wengine walikuwa watu huru hata kabla ya vita.

Chukua habari za Joseph Rainey. Alizaliwa mtumwa mjini Georgetown mwaka 1832. Baba yake alikuwa kinyozi, na kwa akiba ya kinyozi aliikomboa familia yake. Mwana akarithi kazi, akawa ananyoa matajiri katika hoteli moja kubwa ya Charleston. Vita vilipoanza, waasi wa Kusini walimlazimisha kufanya kazi kwenye ngome zao. Mwaka 1862 yeye na mkewe Susan wakatorokea Bermuda. Huko alifungua duka la kinyozi, mkewe akashona nguo. Waliporudi nyumbani mwaka 1866 walikuwa na fedha na uzoefu wa kuishi katika nchi ambayo utumwa ulikuwa umefutwa zamani. Rainey aliingia Seneti ya jimbo mwaka 1868 na kuongoza kamati ya fedha. Desemba 1870 aliapishwa kuwa mtu mweusi wa kwanza katika Baraza la Wawakilishi la taifa.

Kinyozi hakuwa mtu mdogo. Hakulipwa na bwana mmoja anayeweza kumfukuza kwa sababu ya kura yake, na kutwa nzima alisikia wenye mali wakizungumza bei, mikopo na siasa. Mchungaji naye alilishwa na waumini wake mwenyewe. Ninaamini hapo ndipo palipo siri ya orodha ile ya majina: kabla ya kuchaguliwa, wengi walikuwa na riziki ambayo mzungu asingeweza kuifunga kwa neno moja. Ndiyo maana ile sheria ya 1865 ililenga leseni za kazi.

Robert Smalls hakuwa na bahati ya Rainey. Alizaliwa mtumwa Beaufort mwaka 1839, akakodishwa Charleston kufanya kazi bandarini, na mshahara ukaenda kwa bwana wake. Vita vilipofika alikuwa mshika usukani wa meli ya Planter iliyobeba silaha za waasi. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862, maofisa wazungu walipolala nchi kavu, Smalls na wenzake waliwasha injini, wakawapakia wake na watoto wao, wakaondoka. Smalls alivaa kofia ya ukindu ya nahodha na kupiga honi za ishara kama alivyozoea kumwona nahodha akifanya. Kila ngome iliwaruhusu kupita, hata Fort Sumter. Kulipopambazuka waliikabidhi meli kwa jeshi la majini la Kaskazini. Alikuwa na umri wa miaka 23 na hakuwa amefundishwa kusoma. South Carolina ilikuwa imepiga marufuku mwaka 1834 kumfundisha mtumwa kusoma.

Alijifunza akiwa mtu mzima. Na alipoketi katika mkutano wa katiba mwaka 1868, alipeleka hoja ya kutaka jimbo liwe na shule za umma, bure, kwa watoto wote. Katiba ile iliweka msingi wa elimu ya umma kwa watoto wote, ambayo South Carolina haikuwa nayo kabla, na watoto wa wazungu maskini walinufaika nayo pia. Kila ninapofikiria kwamba mtu aliyenyimwa alfabeti kwa amri ya sheria ndiye aliyedai alfabeti iandikwe katika katiba, naona hakuna chuo ambacho kingemwandaa vizuri zaidi kwa kazi hiyo.

Ardhi nayo ilidaiwa na waliojua maana ya kukosa ardhi. Mchungaji Richard Cain wa kanisa la Emanuel mjini Charleston alitaka mkutano wa katiba uiombe Washington mkopo wa dola milioni moja ili walioachwa huru wanunue mashamba. Fedha hizo hazikuja. Mwaka 1869 Bunge la jimbo likaunda tume yake ya ardhi, ya kwanza ya aina hiyo Marekani, iliyonunua mashamba makubwa, kuyakata vipande na kuwauzia wakulima kwa malipo ya polepole. Tume ilianza vibaya; fedha ziliibwa na baadhi ya ardhi ilinunuliwa kwa bei ya kuruka. Ilirekebishwa baadaye na Francis Cardozo, mtoto wa Charleston aliyezaliwa huru na kusoma Chuo Kikuu cha Glasgow. Maelfu ya familia zilipata makazi kupitia mpango huo, na kijiji cha Promised Land, kilichoanza mwaka 1870, kipo hadi leo.

Rushwa ilikuwepo, na hakuna sababu ya kuificha. Wenye reli walinunua kura, na waliouza walikuwa wa rangi zote mbili. Smalls mwenyewe alihukumiwa mwaka 1877 kwa madai ya kupokea dola 5,000, katika mahakama iliyokuwa mikononi mwa wapinzani wake waliokwishachukua serikali. Mwaka 1879 alisamehewa, katika makubaliano yaliyofuta pia mashtaka ya wizi wa kura dhidi ya watu wa upande wa pili.

Kilichowaondoa madarakani kilikuwa risasi. Oktoba 1868 seneta wa jimbo Benjamin Randolph, mhubiri aliyesoma chuo cha Oberlin na kutumikia jeshi kama kasisi, alipigwa risasi mchana kweupe kwenye stesheni ya treni huko Hodges, alipokuwa kwenye kampeni. Hakuna aliyeadhibiwa.

Halafu kuna Prince Rivers, ambaye habari zake zinaniumiza kuliko za wote. Alikuwa mtumwa, mwendesha gari la farasi. Vita vilipoanza alichukua farasi wa bwana wake akampanda hadi pwani, kwa majeshi ya Kaskazini. Tarehe 1 Januari 1863, siku tangazo la Rais Lincoln la kuwaweka huru watumwa lilipoanza kutumika, ni yeye aliyekabidhiwa bendera ya kikosi cha kwanza cha wajitolea weusi wa South Carolina. Alikuwa mjumbe wa mkutano wa katiba, kisha mbunge, na alishiriki kuanzisha wilaya mpya ya Aiken mwaka 1871. Julai 1876 alikuwa hakimu katika mji mdogo wa Hamburg. Mamia ya wazungu wenye silaha waliuvamia mji huo kuwanyang'anya wanamgambo weusi bunduki zao, wakateka watu na kuwaua wengine baada ya kuwakamata. Rivers alifanya uchunguzi na kutoa hati za kuwakamata wazungu zaidi ya 80. Hata mmoja hakufikishwa mahakamani. Mmoja wa viongozi wao, Matthew Butler, aliingia Seneti ya taifa mwaka uliofuata. Rivers alirudi kuendesha gari la farasi hadi alipofariki mwaka 1887.

Aprili 1877 jeshi la taifa liliondolewa, na wapinzani wa wabunge hao wakashika serikali. Chuo Kikuu cha South Carolina, kilichokuwa kimeanza kupokea wanafunzi weusi mwaka 1873, kilifungwa, na kilipofunguliwa tena kikawa cha weupe peke yao. Mwaka 1895 Ben Tillman, aliyejigamba hadharani kwa kushiriki mauaji ya Hamburg, aliitisha mkutano wa katiba nyingine kwa lengo la kuwanyang'anya weusi kura. Kati ya wajumbe 160, weusi walikuwa sita, Smalls akiwemo. Alisimama akasema watu wake hawahitaji utetezi maalumu, wanahitaji nafasi sawa tu. Alikataa kuisaini katiba hiyo. John Bolts wa Georgetown alitoka Bungeni mwaka 1902, na baada yake hakuingia mtu mweusi kwa karibu miaka 70.

Mlango ulifunguliwa tena mwaka 1970, baada ya sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965. Waliingia watatu: Herbert Fielding, I.S. Leevy Johnson na James Felder. Fielding na Johnson walitoka familia zilizokuwa na biashara ya mazishi. Katika miji ile mzungu hakuwazika weusi, kwa hiyo mwenye biashara hiyo hakuwa na bosi wa kumtisha. Mwaka 1974 mwalimu Juanita Goggins wa Rock Hill, mtoto wa mkulima wa kukodi ardhi, akawa mwanamke mweusi wa kwanza katika Bunge hilo.

Clementa Pinckney alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la jimbo mwaka 1996 akiwa na miaka 23. Mwaka 2000 aliingia Seneti, na baadaye akawa mchungaji wa Emanuel, kanisa lilelile la Cain. Aprili 2015, polisi alipomuua kwa risasi Walter Scott, mtu mweusi aliyekuwa akikimbia bila silaha, Pinckney aliwasihi maseneta wenzake wapitishe sheria ya kuwavalisha polisi kamera. Gavana aliisaini tarehe 10 Juni. Wiki moja baadaye, baada ya kazi ya bajeti mjini Columbia, Pinckney aliendesha gari hadi Charleston kwa ajili ya somo la Biblia, na humo kanisani kijana mzungu waliyekuwa wamemkaribisha akamuua pamoja na waumini wanane. Mwili wake ulilazwa katika jumba la Bunge huku bendera ya waasi wa Kusini ikipepea nje. Usiku wa tarehe 8 Julai Baraza la Wawakilishi lilijadiliana hadi baada ya saa sita, likapiga kura 94 kwa 20 bendera ishushwe.

Sanamu ya Tillman ingali imesimama kwenye uwanja wa jumba hilo. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kujenga ya Robert Smalls katika uwanja huohuo, sanamu ya kwanza pale ya mtu mweusi mmoja kwa jina lake.