Sauti ya Pili katika Nyimbo za Shaba

Mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco hakuhitaji mgeni ndani ya wimbo wake. Alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, kwenye ardhi ambayo leo ni ya mkoa wetu wa Lualaba. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine yake ya kurekodi, alimkuta Jadotville, mji tunaouita Likasi, na kurekodi gitaa lake. Wimbo wake "Masanga" ukavuka mipaka, na mwaka 1969 Bosco akapanda jukwaa la Newport kule Marekani. Alipiga kwa vidole viwili tu. Dole gumba lilishika nyuzi za chini, kidole cha shahada kikajibu juu, na mtu wa tatu ambaye angeingia hapo kusema maneno yake angekuwa anakatiza mazungumzo.

Ninaanza naye kwa sababu kila ubishi wa rap unapozuka hapa Kolwezi, wazee wenzangu humtaja yeye. Wanasema muziki wa kwetu ulikuwa safi: mwimbaji aliimba wimbo wake hadi mwisho, na huu mtindo wa kumwalika kijana achane mistari katikati umeletwa na televisheni. Nimefanya utangazaji wa redio katika mji huu kwa muda mrefu, nyimbo za kila namna zimepita mikononi mwangu, na nampenda Bosco kuliko mpiga gitaa mwingine yeyote. Lakini wazee wenzangu wanakumbuka nusu tu ya historia.

Nusu nyingine imo ndani ya ukoo uleule. Edouard Masengo alikuwa binamu yake Bosco, naye alikuwa bingwa wa gitaa. Katika miaka ya 1950 aliimba na JECOKE, kundi la vijana wachekeshaji wa mtaa uitwao Kenya, Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Kwao wimbo na mchezo havikutenganishwa: palikuwa na ngoma, sarakasi, vichekesho, na mtu wa kusema. Kutoka katika mazingira hayo alitokea Mufwankolo, ambaye michezo yake ya Kiswahili iliwakusanya watu wa Katanga mbele ya redio na baadaye mbele ya televisheni. Basi binamu mmoja alikaa peke yake na gitaa, na mwingine alizungukwa na wasemaji. Wote wawili walifika Nairobi, na wapiga gitaa wa nchi ya Kenya walijifunza kwao bila kuuliza nani kati yao ndiye safi.

Kuna pia kasala, ushairi wa sifa wa Waluba, na hapa sitaki kupita haraka. Kampuni ya migodi ya Union Minière ilipoanza kuwaweka wafanyakazi wake kwa mikataba mirefu, mwishoni mwa miaka ya 1920, ilikuwa ikichukua watu wengi kutoka Kasai na nchi ya Waluba. Walikuja na wake zao, na walikuja na ushairi wao. Katika kambi zetu za wafanyakazi, Musonoi na kwingineko, msibani wimbo ulipokuwa ukiendelea, mtu mmoja alisimama. Sauti za wengine zilishuka. Yeye hakuimba, alisema, kwa kasi, bila kupumua: jina la marehemu, la baba yake, la babu yake, mto walikotoka, aibu na sifa za ukoo. Ndugu aliyetajiwa ukoo wake alilia au alitoa pesa, mara nyingi vyote viwili. Kisha wimbo ulirudi, na ulirudi ukiwa mzito zaidi, kwa sababu sasa kila mtu alijua unamlilia nani.

Watoto tuliokua na sauti hiyo hatukushangaa hata kidogo tuliposikia rap kwa mara ya kwanza. Lakini sauti hiyo ilipungua: mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Familia zililala stesheni zikingoja treni, na wengine walifia humo. Katika mtaa wetu waliobaki kusema kasala walikuwa wachache sana. Nimewahi kusikia watu wakihesabu hasara za miaka ile kwa nyumba, kazi na shule. Hii nayo ihesabiwe.

Kinshasa ilituletea msemaji wa aina nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bendi ya Zaiko Langa Langa iliwachukua Nono Monzuluku na Bébé Atalaku, vijana waliotoka kwenye ngoma za mitaani, wakiwa na kayamba iliyotengenezwa kwa kopo la dawa ya wadudu. Walipewa seben, ile sehemu ya mwisho ambapo magitaa yanakimbia na watu wanacheza. Angalia mahali walipowekwa: mwimbaji alimaliza hadithi yake kwanza, ndipo atalaku, kama msemaji huyo anavyoitwa, akaingia. Kila mmoja alikuwa na chumba chake. Ninaamini ndiyo sababu watu waliupokea mtindo huo upesi, hata huku kwetu ambako Kilingala kilikuwa lugha ya askari na ya redio ya taifa.

Kilichoharibu kazi hiyo ni pesa. Kurusha libanga, yaani kutaja jina la tajiri ndani ya wimbo ili alipe, kulianza kama shukrani na kukawa biashara, hadi nyimbo nyingine zikajaa majina ambayo msikilizaji wa Kolwezi hayajui wala hayamhusu. Msemaji wa kasala naye alipata pesa, lakini alimtaja mtu aliyekuwa mbele yake, na alimtaja pamoja na babu zake na madeni yao. Tofauti hiyo kwangu ni kubwa.

Huko Marekani safari ya ubeti wa mgeni ilikuwa fupi zaidi. Mwaka 1984 Chaka Khan aliufungua wimbo wa Prince, "I Feel for You", kwa sauti ya Melle Mel. Mwaka 1995 Mariah Carey akamwita Ol' Dirty Bastard kwenye toleo la pili la "Fantasy", na makampuni ya muziki yakaelewa kwamba mgeni anauza. Tanzania ilipita mlango wa nyuma: katika "Zali la Mentali" mwenye wimbo ni Profesa Jay, mchanaji, na Juma Nature ndiye mgeni.

Lakini mfano ninaoutegemea ni wa mtoto wa huku. Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978, akakulia Ubelgiji, akawa mchanaji. Albamu yake ya mwaka 2007 aliiita "Hotel Impala". Mtu wa Kolwezi hawezi kulisikia jina hilo bila kuiona hoteli ya mjini kwetu, mojawapo ya sehemu ambazo askari wa Légion wa Ufaransa walizielekea waliposhuka kwa miavuli katika vita vya Kolwezi, tarehe 19 Mei 1978. Kisha, mwaka 2010, Kongo ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, aliuchukua "Indépendance Cha Cha" wa Grand Kallé na African Jazz na kuweka mistari yake humo. Toleo lake lina jina la Kiswahili: "Siku ya Baadaye".

Wimbo wa Kallé ulitungwa Brussels mwaka 1960, wakati wa mkutano wa meza ya duara kuhusu uhuru wa Kongo. Ulitaja vyama na viongozi waliokubaliana, Conakat ya Katanga ikiwamo. Tarehe 11 Julai mwaka uleule, siku chache baada ya uhuru, Tshombe wa Conakat alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Wimbo ulibaki ukishangilia umoja uliokwisha kuvunjika. Hakuna mwimbaji ambaye angeweza kuurekebisha kwa kuimba melodia ileile vizuri zaidi. Ilibidi aje mtu wa kusema, aliyezaliwa baadaye, aseme kilichofuata. Humo ubeti wa mgeni una kazi, na bila ubeti huo, wimbo ungebaki sherehe ya kumbukumbu tu.

Vijana wa mitaa yetu ya Manika na Kasulo wanaponiletea nyimbo zao studioni, huniambia: "Papa, usikate rap, njo iko na nguvu." Dakika za redio ni chache na mara nyingi lazima kitu kikatwe. Nikisikia mgeni aliyelipwa atamke jina lake, magari yake na mji ambamo hajawahi kuishi, ninaukata ubeti wake mara moja, na kiitikio kinapumua. Lakini tangu mwaka 2014, watu walipoanza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe Kasulo, nimepokea beti za namna nyingine: kijana anataja kina cha shimo, mizani ya mnunuzi wa Musompo iliyomdanganya, jina la mwenzake ambaye udongo ulimfunika na jina la baba yake aliyefanya kazi katika kampuni ya migodi ya Gécamines. Mwimbaji wa kiitikio anaimba mapenzi, na huyu anaingia kusema mapenzi hayo yanalipiwa na nini. Ubeti wa namna hiyo naupiga wote, hata kama taarifa ya habari itachelewa.