Wiki Tatu na Mwandiko wa Kijuma

Mkutubi aliponiwekea jalada la kwanza juu ya mto wa sponji, sikusoma. Nilikaa nikiutazama mwandiko tu: alifu zimesimama wima kama milingoti bandarini, na nafasi kati ya vipande vya beti zimepimwa sawasawa, kazi ya mkono uliozoea patasi. Nilimjua mwenye mkono huo kabla sijaliona jina lake. Kwetu Lamu angali anatajwa kwa milango aliyoichonga.

Alikuwa Muhamadi bin Abubakari Kijuma, aliyezaliwa yapata mwaka 1855 na kufariki 1945: mchongaji, mwanamuziki, mshairi na mnakili wa tenzi. Mimi nimezaliwa Mkomani, katika mji wake uleule, na nimefundisha fasihi kwa miaka mingi. Lakini hadi asubuhi ile katika maktaba ya SOAS, London, kazi zake nilikuwa nimezisoma katika chapa tu.

Ruzuku iliyonifikisha pale ilikuwa ya wiki tatu: tiketi ya ndege, chumba cha kulala na posho ya chakula. Siku za kwanza, kila nilipofungua jalada, swali lilikuwa moja: karatasi hizi nazo zilisafiri kwa nauli ya nani?

Sehemu ya jibu ni ruzuku kama yangu. Alice Werner, mwanamke aliyekuwa amekwisha kupita umri wa miaka hamsini, alikuja Afrika Mashariki kati ya 1911 na 1913 kwa ufadhili wa safari uitwao Mary Ewart, wa Chuo cha Newnham, Cambridge. Alipita pwani akijifunza lugha na kukusanya masimulizi, na Lamu akakutana na Kijuma. Mwaka 1913 ndio uliowekwa kwenye utendi wa Fumo Liyongo alioutunga Kijuma. Shule ya Masomo ya Mashariki, ambayo leo ndiyo SOAS, ilipofungua milango yake London mwaka 1917, Werner alikuwa miongoni mwa waliofundisha Kiswahili humo. Baadaye yeye na William Hichens wakauchapisha utendi wa Mwana Kupona, mwaka 1934. Miaka miwili baada ya hapo, Ernst Dammann naye akafika Lamu kutoka Ujerumani, na mtu aliyemwendea ni yuleyule Kijuma, sasa mzee wa miaka themanini hivi, kalamu bado mkononi.

Simlaumu Werner. Alijifunza kwa adabu, na bila watu kama yeye huenda karatasi nyingi zingeliwa na mchwa. Lakini katika safari hizo aliyelipiwa nauli alikuwa mwenye kuuliza. Mwenye kujua alibaki barazani, akalipwa kwa kurasa alizonakili.

Na pale watu wetu walipovuka bahari, hawakuitwa kwenda kuuliza. Berlin ilifungua Seminari ya Lugha za Mashariki mwaka 1887, na Wajerumani waliokuwa wakijiandaa kuja kututawala walijifunza Kiswahili humo. Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha pale miaka ya 1890. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye kazi yake juu ya desturi za Waswahili ilitolewa na Carl Velten mwaka 1903, alifika mwaka 1900. Alioa mke Mjerumani, na alipojaribu kurudi naye nyumbani, serikali ya kikoloni ikawazuia kushuka pwani. Akarudi Ujerumani, akafia huko mwaka 1927. Kila ninapofundisha kitabu chake huwasimulia wanafunzi habari hiyo kwanza. Aliyewaandikia wageni desturi za kwao hakuruhusiwa kukanyaga kwao pamoja na mkewe.

Uhuru uligeuza upepo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilijikusanyia miswada ya pwani, na katalogi yake iliyotayarishwa na J.W.T. Allen ikachapishwa mwaka 1970. Mwaka 1973, Dar es Salaam hiyohiyo, utendi wa Kijuma ulitoka kitabuni, umehaririwa na Abdilatif Abdalla, mwana wa Mombasa. Wakati huo vijana wetu walikuwa wakienda ng'ambo kusomea shahada kwa mipango mirefu, kama ule wa Jumuiya ya Madola uliokubaliwa Oxford mwaka 1959.

Mipango hiyo mirefu ilitulea, lakini haimfai mwalimu aliye kazini. Mimi nilikuwa na madarasa manne na mama mgonjwa; miaka mitatu sikuwa nayo, wiki tatu za Agosti nilikuwa nazo. Hata hivyo, mfuko wa kwanza niliouomba ulinikatalia, ukisema picha za kwenye kompyuta zinatosha. Picha ni neema, nami ninazitumia kila siku. Ila hazikuonyeshi pale kalamu iliporudi kuchovya wino katikati ya neno, wala hazikukalishi meza moja na mkutubi anayekumbuka kwamba barua zinazohusiana na mswada huo ziko kwenye kasha jingine. Barua zile sikuwa nimeziomba, maana sikujua kuwa zipo.

Nilinakili kwa penseli, kwani kalamu ya wino hairuhusiwi, nikarudi na madaftari mawili. Wiki iliyofuata nilikwenda Lamu kumsomea shangazi yangu kipande cha hati ya mnakili mwingine, asiyeandika jina. Katika mwandiko wetu wa kale herufi moja ya Kiarabu hubeba sauti ya b na ya p pia. Mimi nilisoma "baa". Shangazi, ambaye hajawahi kupanda ndege, akaniinulia kidole: "Mwanangu, hapo ni paa. Beti haiendi hivyo." Akaimaliza kwa moyo, na zilizofuata, hata nikashindwa kuandika kwa kasi yake.

Ndiyo maana kila nikiombwa ushauri kuhusu ruzuku hizi husema jambo lilelile: nauli ya kwenda isitolewe bila ya kurudi Lamu, au Pate, au Siyu, na siku za kukaa barazani. Daftari langu lina wino mwekundu ukurasa mzima pale aliponisahihisha. Nakala ya ukurasa huo nimewapelekea London, waiweke ndani ya jalada.