Gari la kuunda: kwa nini lijaribiwe kabla ya kupakwa rangi

Tuseme umeuza tumbaku, ukanunua chesisi na injini ya pikapu kuukuu, na fundi wa Cheyo, mjini Tabora, anakuundia bodi mpya ya kubebea magunia ya mahindi na madumu ya asali. Bodi imekamilika, na kila anayepita gereji anakuuliza utapaka rangi gani. Subiri kwanza. Gari la kuunda hujaribiwa likiwa chuma kitupu. Rangi huja mwisho.

Rangi inaficha nini?

Wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Puti na rangi hufunika ufa, tundu na sehemu ambayo chuma hakikushikana vizuri wakati wa kuchomelea. Ukiona chuma chenyewe, unaona pia kasoro zake.

Sababu ya pili ni fedha. Majaribio karibu kila mara huonyesha kitu cha kurekebisha: tairi inagusa bodi, mlango haufungi, kiungio kimepasuka. Marekebisho hayo yanahitaji kukata na kuchomelea, na moto huunguza rangi. Aliyewahi kupaka hulipa mara mbili. Isitoshe, kuchomelea juu ya rangi hudhoofisha kiungio, na moshi wake unamdhuru fundi.

Wenzetu walianzaje?

Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi wa Kenya alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata kama litakuwa na sura mbaya au mwendo mdogo. Yalitengenezwa magari matano ya mfano, yakaitwa Nyayo Pioneer, na katika majaribio yalifikia mwendo wa kilomita 120 kwa saa. Fedha zilikosekana, na hayakuwahi kutengenezwa kwa wingi. Lakini mpangilio ulikuwa sahihi: kwanza gari litembee, sura itafuata.

Hatua ya kwanza: gari likiwa limesimama

Pima chesisi kwa futi kamba, kutoka kona ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, kisha kona mbili zilizobaki. Vipimo viwili vikitofautiana, chesisi imepinda, na gari litakwenda upande.

Zungusha usukani hadi mwisho, kulia na kushoto. Tairi zisiguse bodi wala bomba la breki. Kanyaga breki kwa nguvu na uhesabu hadi 60. Pedali ikizama polepole, kuna mahali panavuja au pampu imechoka. Gari lisiondoke hapo. Kisha washa injini, iache ipate moto vizuri, na uchungulie chini kama kuna maji, mafuta au petroli inayodondoka.

Hatua ya pili: uwanjani, bila mzigo

Tafuta uwanja mpana usio na watu wala mifugo. Endesha kwa mwendo wa mtu anayetembea, kisha funga breki. Gari lisimame likiwa limenyooka. Likivuta upande mmoja, rudi kwa fundi. Ongeza mwendo kidogo kidogo. Asiwepo abiria yeyote nyuma.

Hatua ya tatu: mzigo na vumbi

Pakia mifuko ya mchanga, kamwe usitumie watu kama mzigo wa kujaribia. Anza na nusu ya uzito unaotarajia kubeba, halafu uzito kamili. Springi zikishuka, angalia tena kama tairi zinagusa bodi. Kumbuka kuwa chesisi na breki zilitengenezwa kwa uzito fulani. Bodi kubwa zaidi haiongezi uwezo wa breki.

Vumbi nalo ni kipimo. Likiingia ndani ya kebini, tafuta linapopenya, kwa sababu moshi wa ekzosi unaweza kupenya hapohapo. Moshi huo una gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na inaweza kuua dereva na abiria waliofunga madirisha.

Hatua ya nne: rudi gereji

Kabla ya kuondoka, chora mstari mmoja wa chaki unaopita juu ya nati na chuma kinachoizunguka. Baada ya kilomita 50 hivi, angalia. Mistari ikiachana, nati imelegea. Nati za tairi zikazwe upya hata kama zinaonekana sawa.

Viungio vilivyochomelewa vina mbinu ya zamani. Injini na ekzosi vikishapoa, pakaza mafuta ya taa kwenye kiungio, subiri kidogo, futa hadi pakauke, kisha nyunyiza unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari wa unyevu kwenye chaki. Hutauona ufa huo juu ya rangi.

Ukipata ufa, ondoa betri kabla ya kuchomelea. Tangi lililowahi kuwa na petroli lisiguswe na moto, hata likionekana kavu; mvuke uliobaki unaweza kulipuka.

Je, kutu haitakula chuma?

Itaanza, hasa majaribio yakiangukia masika. Paka praima nyembamba kwenye mabati mapana, lakini acha viungio vionekane. Hivyo vipake mafuta kidogo. Majaribio yakiisha, safisha mafuta yote, sugua kutu kwa brashi ya waya na msasa, ndipo ifuate praima, puti, msasa tena, na rangi.

Karatasi za gari

Uwanja wako ni wako, lakini barabara ni ya umma. Kabla ya kuingia barabarani, nenda ofisi ya TRA na kwa askari wa usalama barabarani uulize kuhusu usajili na ukaguzi wa gari lililobadilishwa bodi. Tunza hati ya mauziano ya chesisi na injini. Kadi ya gari huonyesha namba ya chesisi, namba ya injini na rangi, kwa hiyo fundi asifute wala kuziba namba hizo kwa puti, na rangi utakayochagua ilingane na ile iliyoandikwa.

Kama gari unalinunua likiwa tayari limeundwa na linang'aa kwa rangi mpya, omba kuingia chini yake na tochi. Mwulize muuzaji lilijaribiwa wapi, kwa mzigo gani, na viungio vilikaguliwa lini. Asiyekuwa na majibu amekuuzia rangi.