Zabuni za Kaunti Nchini Kenya
Kwa miaka mingi, zabuni za serikali nchini Kenya zilikuwa karamu ya wenye mitaji. Mfanyabiashara mdogo mara nyingi alitakiwa kuweka dhamana ya benki hata kabla ya kujua kama angepata kazi. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 227, iliruhusu upendeleo kwa makundi yaliyoachwa nyuma. Mwaka 2013, kaunti 47 zilipoanza kazi, majirani zetu hao walitenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 iliuthibitisha mgao huo na kuwaondolea wadogo sharti la dhamana. Sasa hutia saini hati ya ahadi tu. Kwa maoni yangu, hatua hii ya pili ndiyo iliyokuwa nzito zaidi.

Hata hivyo, kushinda zabuni si kulipwa. Mama aliyekopa ili apeleke madawati ya chekechea hungoja miezi, pengine miaka, ilhali riba ya mkopo haimngojei. Kaunti nyingi zimelimbikiza madeni ya namna hiyo. Kampuni kubwa huyastahimili. Karakana ndogo hufungwa.